Cummins 6BT ya lori: oili naweka lita ngapi, 11, 14 au 16?

Lori Moja

Wakuu heshima kwenu, naomba msaada wa haraka kidogo maana gari iko wazi hapa, sampu (lile bakuli la oili chini ya injini) tupu.

Nina lori lenye injini ya Cummins 6BT, ile ya ujazo wa lita 5.9, silinda sita, ya zamani, haina kompyuta wala nini. Nimelinunua kwa mtu, kitabu hamna, na aliyeniuzia nikimuuliza oili inaingia kiasi gani ananiambia we jaza tu mpaka itoshe, sasa itoshe ni wapi ndo hapo. Leo nimeamua kumwaga oili mwenyewe. Nimeunguruma nayo kwanza ipate moto, nimefungua, imetoka mpaka ikabaki tone moja moja, filta ya zamani nimetoa, mpya ninayo. Oili niliyonayo ni 15W-40, ndoo ya lita 20.

Nimegugo kiasi ndo nikachanganyikiwa kabisa. Sehemu moja wanasema kwoti 12. Nyingine lita 14.2. Nyingine lita 16.4. Na wote wanasema ni 6BT 5.9! Kutoka 11 na kitu mpaka 16 ni karibu lita tano jamani, hiyo sio tofauti ya kufumbia macho. Ile chafu niliyomwaga nimeipima kwa jagi imefika lita 13 na ushee, lakini kama ilikuwa imejaa au imepungua sijui, maana stiki yake ya kupimia oili ilikuwa masizi matupu, alama hazionekani mpaka nilivyoisugua na brashi ya waya.

Fundi mmoja kapita hapa kasema mimina 16 zote, injini ya dizeli haikatai oili. Dereva wangu anasema rudisha 13 kama ilivyotoka. Mimi nisimamie wapi?

---

Mzee wa Vumbi

Fuata stiki mkuu. Hayo mengine ni kelele.

---

bwana_geji

Stiki ndio, lakini kama lori kanunua mkononi ana uhakika gani kuwa hiyo stiki ni ya hiyo injini? Hizi 6BT zimehamishwa mno, unakuta injini imetoka kwenye basi, sampu ya trekta, stiki wamechonga. Asubiri wenye uzoefu waje.

---

Fundi Dizeli

Lori Moja, usimwage 16 kwa mpigo na wala usifunge kwa 13 ukasema imeisha. Namba zote tatu ulizokuta ni za kweli, shida ni kwamba kila moja inaongelea kitu chake na watu wananakili namba bila kusema ni ya nini.

Hiyo kwoti 12 ni ya pikapu za Dodge Ram zilizofungwa hii injini. Kwoti ya Marekani ni lita 0.946, kwa hiyo 12 inakuja kama lita 11.4, na hapo filta wameshaihesabu, bila kubadilisha filta ni kwoti 11. Sampu ya zile pikapu ni ndogo. Hizo 14.2 na 16.4 zinatoka kwenye karatasi za 6BT za mitambo na majenereta, na ukiisoma ile karatasi yenyewe unakuta kuna namba ya tatu ambayo huko mtandaoni wameiacha, nayo ni 12.3. Maana yake ni hivi: sampu ikiwa na lita 12.3 stiki inasoma alama ya chini, ikiwa na 14.2 stiki inasoma alama ya juu, na 16.4 ni oili yote ya mfumo mzima, yani sampu imejaa mpaka juu, filta imejaa, kipoozea oili kimejaa, na njia zote za ndani ya bloku na huko kichwani.

Sasa hiyo 16.4 ndo inayoponza watu. Ni kiasi cha injini kavu, iliyofumuliwa ikaoshwa ikafungwa upya. Ya kwako sio kavu. Hata uiache inadondosha kutwa nzima kuna oili haitoki kupitia bolti ya sampu, imebaki kwenye kipoozea, kwenye pampu, kwenye vijishimo vya kichwa, kwenye kompresa ya upepo kama unayo. Ukiweka 16.4 juu ya hiyo iliyobaki umeshazidisha tayari na stiki itakuumbua.

Kwa hiyo namba ya kwenye kitabu mimi naichukulia ni ya kununulia oili na ya kujua nianzie wapi. Pa kuishia ni stiki. Na kabla ya kuiamini hiyo stiki tuihoji kwanza, maana alichosema bwana_geji ni kweli tupu.

Fanya hivi. Lori liwe sehemu ya tambarare kweli kweli, sio ukingoni mwa barabara limeinama upande, na angalia tairi zote zina upepo. Weka washa mpya ya shaba kwenye bolti ya kumwagia oili, kaza. Filta ijaze oili kwanza kabla ya kuifunga (ya hiyo injini inaning'inia mdomo juu kwa hiyo haimwagi), itakunywa kama lita moja hivi. Paka oili kidogo kwenye mpira wake, fungisha kwa mkono.

Halafu mimina lita 11 kwa jagi lenye alama, usikadirie kwa macho. Mimina taratibu. Subiri dakika kumi ishuke. Chomoa stiki, futa, rudisha mpaka mwisho, chomoa tena, soma. Hapo ndo utajua una sampu gani. Kama 11 inagusa alama ya juu basi una ile sampu ndogo au stiki sio yake. Kama 11 iko chini ya alama ya chini au haigusi kabisa, sampu yako ni ile kubwa, endelea nusu lita nusu lita mpaka upite alama ya chini ufike katikati. Usiwashe injini kabla ya kupita alama ya chini.

Ikifika katikati washa, usikanyage moto, angalia geji ya presha ipande, iache inguruma dakika mbili tatu huku unachungulia filta na bolti kama panavuja. Zima. Subiri robo saa. Soma tena, malizia kidogo kidogo. Mimi naishia chini kidogo ya alama ya juu, sio juu ya alama.

---

Gia ya Tisa

Wakuu mimi naomba nitofautiane kidogo. Nimeendesha magari makubwa muda mrefu na siku zote nazidisha lita moja juu ya alama, safari ni ndefu, njiani injini inakula, ukifika unakuta iko kwenye alama yenyewe. Gari haijawahi kunisumbua. Oili nyingi ni afadhali kuliko oili kidogo, hiyo kila dereva anajua.

---

Fundi Dizeli

Gia ya Tisa nakuheshimu kaka yangu lakini hapo tusidanganyane. Inategemea na sampu. Injini ya lita 12 au 13 inayobeba oili thelathini na kitu, lita moja juu ya alama haitaiua, na sitakwambia uivute. 6BT kati ya alama ya chini na ya juu ni lita 1.9 tu. Lita moja kwake ni nusu ya nafasi yote ya stiki.

Na ikizidi zaidi ya hapo mambo yanakwenda hivi. Krenki inazunguka juu ya oili, haitakiwi iguse. Ukijaza sana ile miguu ya krenki na konrodi zinaanza kuchapa oili mara elfu mbili na zaidi kwa dakika, inatoa povu. Pampu ya oili inavuta povu badala ya oili, na povu halina nguvu ya kuzitenganisha beringi na krenki kama oili inavyofanya, kwa hiyo unapata yale yale ambayo ungeyapata kama oili ingekuwa imepungua. Joto linapanda, presha inacheza, sili ya nyuma ya krenki inaanza kulia machozi. Kwenye 6BT za zamani kuna bomba la kupumulia injini linatoka nje chini, ukiona linatema oili chini ya gari wakati injini haina moshi wa kutisha, kitu cha kwanza chomoa stiki kabla hujaambiwa pistoni zimeisha.

Kwenye injini ambazo bomba hilo limerudishwa kwenye hewa ya kuingilia ni mbaya zaidi, maana ile oili inaingia kwenye turbo na inaingia kuchomwa. Dizeli inawaka kwa mgandamizo, haihitaji plagi, ikipata oili ya kutosha inaungua nayo kama mafuta. Hapo injini inapanda mizunguko yenyewe, unazima ufunguo haizimi, kwa sababu ulichokata wewe ni dizeli na yenyewe sasa inakula oili. Dawa yake ni kuiziba hewa tu, na watu wengi hapo wanakimbia, siwalaumu.

Kwa safari ndefu beba dumu la oili hiyo hiyo nyuma ya kiti, kila ukipumzika soma stiki, ongeza. Usiibebe ndani ya sampu.

---

Gia ya Tisa

Sawa fundi, nilikuwa nasemea semi, hizi ndogo sijazoea. Hiyo ya injini kukataa kuzima niliwahi kuiona kwa macho kwenye gari ya mwenzangu, tulijaza makoti kwenye mdomo wa hewa.

---

Mama Tela

Habari za humu. Naongezea kwa upande wa kununua maana mimi ndo nalipia hizi oili.

Angalieni maandishi ya kwenye ndoo. Kuna ndoo inaitwa ya lita 20 na kuna ndoo ya lita 18.9, ile ni galoni tano za Marekani. Kwa macho zinafanana kabisa. Dereva anakwambia nimeweka ndoo mbili, wewe unaandika 40, kumbe ni 37.8, lita mbili na zaidi zimepotea kwenye daftari na unaanza kumshuku mtu bure. Na galoni nayo sio moja, ya Marekani ni lita 3.785, ya Uingereza ni 4.546, kwa hiyo ukisoma kitabu kinachosema galoni kadhaa uliza kwanza ni galoni ya wapi.

Jambo lingine ni filta. Mimi nina Volvo zenye injini ya D13, hesabu yake ya kubadilisha oili ni lita 33 pamoja na filta. Filta zake ni tatu, mbili za kawaida na moja ya pembeni inayochuja taratibu. Fundi akiamua kuruka filta moja ili amalize haraka, ile filta imebaki na oili yake ya zamani ndani, halafu unamimina 33 ile ile ya kwenye karatasi. Stiki inapanda kupita kawaida na hakuna anayekwambia kwa nini. Kwa hiyo mkisoma namba yoyote ile angalieni kama wameandika na filta au bila filta, na mnachofanya kifanane na walichoandika.

---

Kijana wa Spana

Mimi hiyo ya kujaza filta kabla ya kufunga niliambiwa chuoni tusifanye kabisa, eti uchafu unaingia upande msafi. Fundi Dizeli unasemaje?

---

Fundi Dizeli

Mdogo wangu uko sahihi na mimi niko sahihi. Tundu kubwa la katikati ya filta ndo upande ambao oili imeshachujwa, ukimimina hapo katikati chochote kilichoko kwenye jagi lako kinakwenda moja kwa moja kwenye beringi bila kuchujwa. Ndo maana watengenezaji wengine wanakataza. Mimina kwenye vile vitundu vidogo vya pembeni, polepole, uache iloweke karatasi na ijitokeze yenyewe katikati. Inachosha kusubiri lakini ndo kazi. Na kama kitabu cha injini yako kinasema filta ifungwe kavu, ifunge kavu.

Kinachobadilika kwenye hesabu ni kwamba ukiifunga kavu, ile stiki uliyoisoma kabla ya kuwasha itashuka baada ya kuwasha, kwa sababu filta imevuta lita yake. Watu wanafunga hapo hapo kabla ya kuwasha, kesho yake wanasema injini inakula oili.

---

Lori Moja

Wakuu nimesoma yote, niko na jagi mkononi. Swali moja: stiki yangu ukiichomoa upande mmoja oili inapanda juu sana na upande wa pili iko chini. Nasoma upande upi? Nimeweka 11 kama mlivyosema.

---

bwana_geji

Soma upande wa chini. Ule wa juu stiki imejipaka kwenye ukuta wa bomba lake wakati unaichomoa, haswa kama umetoka kumimina sasa hivi, oili bado inatiririka ndani ya bomba. Angalia pale ambapo rangi ya oili imekata mstari kamili kutoka ukingo mpaka ukingo, hizo alama za matone juu yake usizihesabu. Oili mpya haionekani vizuri, ni nyeupe sana, iinamishie kwenye mwanga au igusishe kwenye kitambaa cheupe. Rudia mara mbili, kama majibu hayafanani bado haijatulia, subiri.

---

Lori Moja

Kwa 11 haikugusa alama ya chini, imelowesha ncha tu. Kwa hiyo ni sampu kubwa si ndiyo?

---

Fundi Dizeli

Ndiyo, hiyo ni kubwa, na dalili ni kwamba stiki nayo ni yake. Ungekuwa na sampu kubwa na stiki ya mahali pengine ungeona vituko hapo. Endelea nusu nusu, na andika ni lita ngapi zimegusa alama ya chini, hiyo namba itakufaa kuliko zote za mtandaoni.

---

Lori Moja

Majibu haya hapa. Imegusa alama ya chini nilipofika lita 12 na nusu. Nikaenda mpaka 13 na nusu ikawa katikati, nikawasha, presha ikapanda vizuri tu, hakuna panapovuja. Nimezima, nimesubiri robo saa, imeshuka kidogo sana. Nikaongeza nusu lita, sasa imekaa chini ya alama ya juu kama unene wa kucha. Kwa hiyo jumla injini imepokea 14, na filta ilikunywa kama lita moja, ni 15.

Maana yake ile 13 iliyotoka ilikuwa imepungua au vipi? Na yule wa 16 angenizidishia lita nzima na zaidi?

---

Fundi Dizeli

Safi sana. Ndiyo, 16 ingekupeleka juu ya alama kwa karibu lita moja. Hiyo tofauti kati ya 15 yako na 16.4 ya karatasi ndo ile oili ya zamani iliyobaki ndani kwenye vichochoro ambayo hukuimwaga na huwezi kuimwaga bila kufumua.

Na 13 iliyotoka inaonyesha ilikuwa imepungua, ila sio sana, lita moja hivi, kwa sababu ndani ya ile 13 kuna kidogo kilichotoka na filta. Dereva wako angerudisha 13, ukitoa ya filta ungekuwa karibu na alama ya chini. Injini isingekufa, lakini lori likipanda mlima au likishika breki kali oili inakimbilia upande mmoja wa sampu na ule mdomo wa pampu unaweza kuvuta hewa. Afu oili ikiwa kidogo inazunguka mara nyingi zaidi, inachoka haraka.

Sasa kazi iliyobaki ni kuifuatilia. Wengi wanaangalia stiki kama inashuka tu. Wewe angalia pia kama inapanda. Oili haizaliwi humo ndani, ikipanda kuna kitu kimeingia, na ni dizeli au maji. Kwenye 6BT za zamani kuna ile pampu ndogo ya pembeni ya bloku inayovuta dizeli kutoka kwenye tanki, inasukumwa na kemishafti, na zile zenye ngozi ndani ngozi ikitoboka dizeli inashukia kwenye sampu. Stiki inapanda, dereva anafurahi kuwa injini haili oili, kumbe oili inakuwa nyepesi kila siku. Inusie. Ikinuka dizeli usiendeshe. Na ikiwa imegeuka rangi kama chai ya maziwa hayo ni maji, tafuta kipoozea oili au gasketi ya kichwa.

---

Mzee wa Vumbi

Na magari ya siku hizi yenye kichujio cha moshi yanafanya hivyo hivyo, yale yanayojichoma masizi yenyewe. Ukiwa unayazima zima katikati ya kuchoma dizeli inateremka kwenye oili. Stiki inapanda.

---

Mama Tela

Hapo kwenye kichujio cha moshi niongeze, oili yenyewe pia iwe inayokubaliana nacho. Angalieni herufi za API nyuma ya kopo, ndo zinaonyesha daraja la oili. CI-4 ya 2002 ni ya kabla ya vichujio hivyo, CJ-4 ilikuja 2006 kwa ajili yake, CK-4 ni ya mwishoni mwa 2016 na inafanya kazi ya zote hizo za nyuma. Msichanganye CK-4 na FA-4, zilitoka pamoja lakini FA-4 ni nyepesi na ni ya injini mpya zilizotengenezewa hiyo tu, kwenye 6BT usiiweke. Lori Moja kwa injini yako 15W-40 ya CI-4 au CK-4 uko salama.

---

Lori Moja

Ni CI-4. Asanteni sana. Nilikuwa nataka kuuliza pia, presha yangu injini ikiwa inaunguruma tu bila kukanyaga moto inashuka chini kidogo ikishapata joto, nikadhani labda niongeze oili.

---

bwana_geji

Hapana! Hilo ndo kosa la wengi. Geji ya presha haipimi wingi wa oili. Maadamu mdomo wa pampu umezama, kuongeza lita mbili hakupandishi presha hata kidogo. Oili ikipata joto inakuwa nyepesi, presha ikiwa chini kidogo injini ikiunguruma tu ni kawaida, inatakiwa ipande ukikanyaga moto. Kama haipandi hapo tafuta beringi, pampu, ile valvu ya presha, au geji yenyewe mbovu, pima kwa geji nyingine ya kufunga kwa mkono kabla hujatoa hela ya injini.

---

Gia ya Tisa

Lori Moja chukua rangi, andika kwenye ubavu wa boksi la filta ya hewa: 14 + filta, tarehe, na kilometa. Ukija kuliuza au ukiajiri dereva mwingine asianze tena kugugo.

---

Lori Moja

Nimeandika tayari mkuu, rangi nyeupe, na stiki nimeichora kamstari kadogo na msasa pale kwenye alama ya chini maana ile ya kiwanda imefutika karibu yote.

---

Kijana wa Spana

Hilo la kuchora sawa ila ilitakiwa uhakikishe hujapinda stiki, ikipinda inakaa juu juu haifiki mwisho, inakusomea uongo.

---

pikapu_2.8

Samahani naingilia, na mimi nina Hilux ile yenye injini ya 1GD ya 2.8 dizeli, nimenunua kopo mbili za lita 4, zinatosha au niongeze?

---

Mama Tela

Zinatosha na inabaki. Ni 7.5 ukibadilisha filta, 7 kama filta hubadilishi. Usimimine kopo zote mbili mpaka ziishe kwa sababu eti zimeshafunguliwa, anza na 7, washa, zima, subiri, soma stiki, malizia kidogo kidogo. Hiyo nusu lita itakayobaki funika vizuri uiweke ndani ya gari.